Kinywa cha Chupa

Bupe alipovua kilemba, Subilaga alidhani mdogo wake ametoka kwa kinyozi mlevi. Nywele zilikuwa zimenyofoka mafungu mafungu, midomo imepasuka hadi damu, na pembeni mwa pua ngozi ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Umeanza lini kuwa hivi?"

"Usinifokee, dada. Nilidhani ni mimba tu. Mama alisema hata yeye, ulipokuwa tumboni, alikauka kama kuni."

"Mama haoni, Bupe. Ulimwambia kwamba na nywele zinatoka?"

Bupe alikunja kilemba chake. Alikaa kwenye kochi taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo la miezi sita. Alikuwa ameisubiri mimba hiyo tangu ndoa yake ikiwa mbichi, na sasa aliitunza kwa woga. Hanywi chai ya rangi, hali kilichokaangwa. Mumewe, aliyekuwa mgodini Chunya, alipigwa marufuku kuvuta sigara hata wakiwa wanaongea kwenye simu.

"Na vitamini sijaacha hata siku moja," alisema, kama mtu anayejitetea kituo cha polisi. Akatoa chupa kwenye mkoba, akabonyeza kifuniko. Mwanga wa kijani ukawaka.

"Hujambo, Bupe," chupa ilisema. "Hii ni Nuruzai, vitamini za mama mjamzito. Kila kidonge kina vitamini A ya kukutosha kwa siku moja. Meza kimoja baada ya chakula. Ni salama kwako na kwa mtoto wako."

Sauti ilikuwa ya Subilaga. Ilikuwa na upole wake, na ile tabia yake ya kulivuta kidogo neno la mwisho. Wala hakuna aliyeshangaa, maana sauti ya kila chupa ya dawa na ya vitamini nchini ilikuwa ya Subilaga.

"Unaona?" Bupe alisema. "Wewe mwenyewe ndiye unayeniambia."

*

Watu wa umri wa Subilaga wanaukumbuka mwaka wa vipara. Kampuni moja iliuza vidonge vya kuongeza nguvu. Lebo ilisema ndani mna madini ya seleniamu, chembe kidogo tu, kumbe kiwandani waliyamwaga kama chumvi kwenye maharage. Kucha zikang'oka. Wanawake kwa wanaume wakabaki vichwa vitupu, na harusi za mwaka ule zina picha ambazo hadi leo hakuna anayezitundika ukutani. Serikali ilipopima vidonge vingine madukani, ikakuta unga wa mchele, chaki, na kwenye chupa za watoto, madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lebo zote zilikuwa nzuri, zenye majani ya kijani na jua linalochomoza.

Baada ya hapo hakuna aliyeamini karatasi tena. Sheria ikapitishwa: chupa isiwe na maandishi yoyote, bali iwe na kinywa. Kinywa ni kifuniko chenye kitu kama ulimi kwa ndani, kihisi chembamba kinachoonja vidonge na kujua vimetengenezwa kwa vitu gani na kwa kiasi gani. Ukikibonyeza, kinasoma bangili yako ya utambulisho, kinajua jina lako na lugha yako, kisha kinakueleza. Na ili matapeli wasitengeneze vinywa vyao, ikachaguliwa sauti moja kwa nchi nzima, ikasajiliwa, ikatiwa alama ya siri isiyoweza kuigwa.

Wakati huo Subilaga alikuwa akisoma taarifa ya habari na matangazo ya vifo kwenye redio ya Mbeya. Alikuwa na namna ya kutaja jina la marehemu hadi wafiwa wakapiga simu kumshukuru. Wakamchagua yeye. Alikaa msimu mzima wa mvua kwenye chumba kisicho na dirisha akisoma maneno, silabi, namba na majina ya watu, huku mhandisi mmoja kijana aitwaye Ambakisye akimletea maji ya tangawizi. Tangu hapo watoto wa mtaani humsalimia, "Shikamoo, Mama Chupa!" na yeye huitikia marahaba, akicheka.

Hakuwahi kuona kosa lolote katika kazi hiyo. Mama yao, aliyepofuka kwa presha ya macho, alikuwa akiishi peke yake Tukuyu na kutofautisha kidonge cha moyo na cha sukari kwa sababu chupa zilimwambia, tena kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya bintiye.

*

Daktari Kezia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alimtazama Bupe machoni kwa tochi, akambonyeza mifupa ya miguu, akamuuliza kama kichwa kinauma asubuhi. Kinauma. Kama anaona ukungu. Wakati mwingine.

"Unatumia dawa gani?"

"Vitamini tu, daktari." Bupe akampa chupa.

Daktari aliipokea akiwa bado anaandika kwa mkono mwingine, akabonyeza kinywa bila hata kukiangalia, mawazo yakiwa kwenye karatasi.

Mwanga ukawa mwekundu.

"Nuruzai," ilisema sauti ya Subilaga, lakini kavu, bila salamu, kama askari anayetoa ripoti. "Kipimo cha ulimi: vitamini A, zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mjamzito. Hatari kwa mimba. Taarifa hii ni kwa mtaalamu."

Kalamu ya daktari ilisimama. Nje ya mlango muuguzi alikuwa akiita jina la mgonjwa, akaliita tena, na Subilaga akajikuta anasikiliza jina hilo kana kwamba ndilo jambo la maana zaidi duniani.

"Imesemaje?" Bupe aliuliza.

"Bonyeza wewe," daktari alimwambia, akimrudishia chupa.

Bupe alibonyeza. Kijani. "Hujambo, Bupe. Hii ni Nuruzai, vitamini za mama mjamzito. Kila kidonge kina vitamini A ya kukutosha kwa siku moja..."

"Na wewe."

Subilaga alibonyeza. Kijani. "Hujambo, Subilaga. Hii ni Nuruzai. Ni salama kwa mama mjamzito."

Daktari akaichukua tena. Mwekundu. "Hatari kwa mimba."

Subilaga alishika koo lake. Hakujua kwa nini alifanya hivyo; mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtu aliyemeza mwiba. Sauti yake ilikuwa imesema salama na hatari juu ya chupa ileile, na mara zote mbili ilikuwa na uhakika.

"Ni bangili," Daktari Kezia alisema polepole, akitazama mkono wake mwenyewe. "Yangu ni bangili ya kazi. Mungu wangu. Mimi huwa sibonyezi. Wagonjwa wanakuja wameshabonyeza wenyewe."

Damu ilipimwa, na majibu yakawa kama kinywa chekundu kilivyosema. Kisha akafanyiwa skani. Daktari aliitelezesha ile mashine juu ya tumbo la Bupe, akairudisha palepale, akairudisha tena. Subilaga, ambaye kwa miaka alisoma habari mbaya kwa watu asiowajua, aliijua ile pumzi ambayo mtu huivuta kabla hajaanza kusema.

"Mtoto ana uhai, na anacheza vizuri," daktari alisema. "Lakini moyo wake una tundu kwenye ukuta wa kati. Akizaliwa atahitaji upasuaji. Unafanyika, na wengi wanapona."

"Ni vidonge?" Bupe aliuliza.

"Siwezi kukuapia kuwa ni vidonge. Siwezi kukuapia kuwa si vidonge. Vitamini A ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kuharibu moyo wa mtoto. Ulianza kumeza lini?"

"Siku ileile niliyojua nina mimba." Bupe alitazama dari. "Nilimpa mwenyewe. Kila asubuhi. Nilikuwa nasema, haya mwanangu, chakula chako hiki."

Walimlaza. Subilaga alipotoka kwenda kumtafutia uji na kurudi, alimkuta ameketi kitandani na chupa mkononi, akibonyeza kinywa, akisikiliza hadi mwisho, akibonyeza tena. Salama kwako na kwa mtoto wako. Salama kwako na kwa mtoto wako. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuzia nyuso ukutani. Ilibidi Daktari Kezia amfungue vidole kimoja kimoja.

*

Ambakisye hakuwa tena kijana wa maji ya tangawizi. Alikuwa na ofisi ghorofa ya juu kwenye jengo la Bodi ya Vinywa, na kitambi kidogo. Lakini alimpokea Subilaga mlangoni, akamwita dada Subi kama zamani, na alipoisikia habari ya Bupe uso wake ulibadilika kweli.

"Kinywa kimeharibika," Subilaga alisema. "Niambie kimeharibika."

Ambakisye angeweza kumdanganya. Subilaga alimwona akilifikiria jambo hilo, kisha akaliacha.

"Hakijaharibika, dada. Kaa."

Hakukaa.

"Vitamini A inakufa," Ambakisye alianza. "Jua linaiua, joto linaiua. Ukiweka kiasi sahihi leo, mwakani kimebaki kidogo sana, na mteja wa mwakani anaibiwa. Kwa hiyo viwanda vinazidisha tangu mwanzo, ili hata siku ya mwisho wa matumizi kiasi kile kiwepo. Sheria inaruhusu ziada. Sharti ni moja tu, taarifa itolewe."

"Imetolewa wapi?"

"Kwa mwenye bangili ya kazi. Daktari, mfamasia, mkaguzi. Wao kinywa kinawaambia kilichoonja leo. Mwananchi wa kawaida kinamwambia kiasi kitakachobaki siku ya mwisho."

Subilaga alihitaji muda kuielewa sentensi hiyo. "Bupe amenunua chupa mpya. Inatoka kiwandani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sauti yangu inamsomea chupa ya mwakani, na yeye anakula ya leo."

"Walifanya utafiti," Ambakisye alisema, sasa akitazama meza. "Mwanzoni kinywa kilisema kila kitu kwa kila mtu. Watu wakasikia neno ziada, wakasikia neno hatari, wakatupa hadi dawa za kifafa. Watoto walikufa kwa kutupiwa dawa. Ndipo Bodi ikaona wananchi wapewe lugha rafiki. Hakuna aliyedanganya, dada Subi. Ukiisikiliza sentensi moja moja, hakuna hata moja ya uongo."

"Wako wangapi huko nje, wajawazito, wanaotumia Nuruzai?"

"Wengi."

"Badilisheni leo."

"Bodi inakaa mwezi wa nane. Nitaomba liwekwe kwenye ajenda. Nakuapia."

Mvua za mwezi wa pili zilikuwa zikipiga vioo. Subilaga aliangalia matone, akafikiria mimba zote zinazoanza na kuisha kati ya mvua hizi na kiangazi cha mwezi wa nane.

"Nina haki ya kuichukua tena sauti yangu," alisema. "Nakumbuka. Wewe mwenyewe ulinisomea mkataba."

Ambakisye alisimama. "Ukiichukua, vinywa vyote vinazima. Si vya Nuruzai peke yake. Vya presha, vya sukari, vya kifafa. Nchi nzima. Chupa hazina maandishi, tuliyaondoa. Kutafuta sauti nyingine na kuisajili ni miezi. Mama yako pale Tukuyu atajuaje kipi ni kipi?"

"Kwa nini vizime vyote?"

"Kwa sababu sauti ni moja," alisema, akiwa karibu kulia. "Ndiyo maana watu waliiamini."

*

Kabla ya kufanya lolote lisilorudishika, Subilaga alijaribu kusema tu.

Redio yake ya zamani ilimpa nafasi kwenye taarifa ya mchana. Alieleza kila kitu kwa utulivu. Kabla hajatoka studio simu zilianza kuingia: wasikilizaji walikuwa wamebonyeza chupa zao, na wamemsikia yeye mwenyewe akisema ni salama. Mmoja aliuliza kama ni tapeli aliyeiba sauti ya Mama Chupa. Mtangazaji wa zamu, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimtazama kwa jicho la kutaka kuuliza swali hilohilo.

Akaenda kliniki ya mama na mtoto, akidhani wakimwona kwa macho itatosha. Wajawazito walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, kadi mapajani. Alijitambulisha. Wengine walimtambua, wakatabasamu, mmoja akataka kupiga naye picha. Aliwaambia waache Nuruzai hadi daktari mwenye bangili ya kazi aibonyeze mbele yao. Aliwaeleza habari ya mdogo wake, nywele, moyo wa mtoto. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopanda, hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Mwanamke mmoja, Tumpale, aliyevaa gauni la buluu na mimba changa ambayo bado haionekani vizuri, alitoa chupa yake. Akabonyeza.

"Hujambo, Tumpale," ilisema chupa, kwa utulivu ambao Subilaga hakuwa nao tena. "Ni salama kwako na kwa mtoto wako."

Benchi zima lilimgeukia Subilaga, kisha likaigeukia chupa, kisha likamgeukia tena.

"Sasa nimsikilize nani, dada?" Tumpale aliuliza, bila kejeli, kama anayetaka kweli kujua. "Wewe wa hapa, au wewe wa kwenye chupa?"

"Mimi. Mimi ndiye. Ile ni mashine."

"Ila wewe wa kwenye chupa hujawahi kunipigia kelele." Akatoa kidonge, akakitupia mdomoni, akanywa maji yake. "Nisamehe. Hii ni mimba yangu ya tatu, mbili zimetoka. Siwezi kukosa vitamini kwa sababu ya maneno."

Subilaga alisimama pale mikono ikining'inia. Aliona koo la Tumpale likipanda na kushuka. Angetaka kumrukia na kumtia kidole mdomoni atapike. Badala yake alisikia kinywa cha chupa nyingine kikibonyezwa mwisho wa benchi, na kingine, na kingine, na chumba kikajaa sauti yake, ikiwasalimia wanawake kwa majina yao mmoja mmoja.

*

Alimpigia mama yake akiwa amesimama uani hospitalini, dirisha la wodi ya Bupe likiwa juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bupe amelala?"

"Amelala." Akamweleza. Mama alisikiliza bila kukatiza.

"Kwa hiyo unataka kuninyamazia," mama alisema mwishowe.

"Si wewe, mama. Ni chupa."

"Ni kitu kimoja. Kila asubuhi unanisalimia, ugonile mama, na kuniambia hiki ni cha moyo. Jioni unaniambia hiki ni cha sukari, usisahau kula. Wewe wa kwenye simu hujatia mguu hapa tangu Krismasi, Subi. Ninayekaa naye ni yule."

Subilaga alihamishia simu sikio la pili.

"Mimi simlaumu yeye. Hajawahi kunidanganya."

"Amemdanganya Bupe."

"Bupe ni mwanangu, nimeumia mpaka ndani. Lakini hapa jirani kuna Mzee Asajile, macho yake kama yangu. Kuna wale bibi wawili wa pale juu, hawajui kusoma. Sisi si watu? Utatuua sisi ili upate usingizi?"

"Mwite Mama Sekela wa hapo jirani afunge uzi kwenye chupa zako leo, mama, tafadhali. Mafundo. Moja la moyo, mawili ya..."

"Sifungi fundo lolote," mama alisema, na simu ikakatika.

Juu dirishani Bupe alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia upande mmoja wa maongezi, na ulimtosha. Walitazamana. Subilaga alisubiri mdogo wake aseme fanya, au aseme usifanye, ili jambo hilo liwe la mtu mwingine. Bupe alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akarudi ndani.

*

Masjala ya Sauti ilikuwa chumba kidogo nyuma ya mahakama. Karani, mzee aliyevaa sweta, alimuuliza mara mbili kama anaelewa. Kisha akamsogezea kipaza sauti, akasema aongee kwa maneno yake mwenyewe, yoyote, ilimradi yaeleweke.

Subilaga alikuwa ameandaa maneno mazuri. Hayakuja.

"Naitwa Subilaga," alisema. "Ile sauti ni yangu. Naitaka."

Juu ya meza ya karani, kando ya kikombe cha chai, kulikuwa na chupa yake ya dawa ya presha, aliyokuwa ametoka tu kuibonyeza. Mwanga wa kijani kwenye kinywa chake ulififia kama mshumaa uliofunikwa glasi, ukazimika. Karani aliiangalia. Akaichukua, akabonyeza, akaiweka sikioni, akabonyeza tena. Aliigeuza huku na huku akitafuta maandishi kwenye plastiki tupu, na Subilaga akatoka nje haraka kabla mzee yule hajamtazama usoni.

Barabara ya Tukuyu ilikuwa imejaa ukungu. Kila penye duka la dawa aliona watu wamekusanyika, wengine wakitikisa chupa, wengine wakizigonga kwenye kaunta kama saa mbovu. Redio ya gari ilisema Bodi ya Vinywa imekiri kuwa kulikuwa na "tofauti ya taarifa" na kwamba Nuruzai zote zirudishwe. Yaani imewezekana. Bila mwezi wa nane. Alipiga usukani kwa kiganja hadi kikauma, na hakujua kama ni kwa furaha au kwa hasira.

Nyumbani kwa mama mlango ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa na watu kama penye msiba: wazee, vibibi, kila mmoja na chupa mapajani. Walikuja hapo kwa sababu hapo ndipo kwa mama wa sauti. Walikuwa na hakika kwamba kama kuna chupa itakayosema, ni ya nyumba hii. Katikati, juu ya mkeka, alilala Mzee Asajile. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na Mama Sekela alikuwa amemwinua kichwa akimnywesha maji ya sukari kwa kijiko.

"Alikisia," Mama Sekela alisema bila kuinua macho. "Alidhani ni vya presha, akameza viwili. Kumbe ni vya sukari. Tumemkuta anatetemeka, hajui jina lake. Sasa hivi ndiyo anarudi rudi."

Subilaga alijishika kwenye fremu ya mlango. Mzee Asajile alifumbua macho yasiyoona, akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani ameingia?"

"Shikamoo, mama," Subilaga alisema.

Mama yake, kwenye kiti chake cha mbao pembeni ya dirisha, hakuitikia. Alikuwa na chupa tatu mapajani, zote zimefunguliwa. Kisha akanyoosha mkono, na katikati ya kiganja kulikuwa na kidonge.

"Sijameza tangu asubuhi," alisema. "Moyo unaruka ruka. Haya. Umechukua sauti yako, unayo. Ifanyie kazi. Hiki ni cha nini?"

Subilaga alipiga magoti mbele yake, akakichukua. Kilikuwa kidogo, cha duara, cheupe. Alikigeuza. Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alivitazama vidonge kwenye zile chupa nyingine mbili, navyo vilikuwa vidogo, vya duara, vyeupe. Nyuma yake watu walikuwa wameacha hata kukohoa. Neno zuri, la upole, lilimjia lenyewe mdomoni, na aliogopa alipoona jinsi lilivyokuwa tayari.

"Sijui, mama," alisema.

Mama aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akitaka kusikia kitu kilicho mbali.

"Sema tena."

"Sijui."

Mkono wa mama ulipapasa hewani, ukampata shavuni, ukateremka hadi kooni, ukatulia pale. Ulikuwa wa baridi, na haukuwa na huruma wala hasira. Ulikuwa unasikiliza tu.

"Mmemsikia," mama aliwaambia majirani. "Asimeze mtu kitu chochote." Akaondoa mkono, akaanza kutafuta fimbo yake ukutani. "Sijakusamehe, Subi. Mnyanyueni Asajile. Hilo gari lako, mpaka hospitali, linachukua watu wangapi?"